Mizani Inapima Mzigo, Dereva Anapimwa na Nani?

Ni wakati gani dereva analazimika kuwa na leseni ya magari makubwa? Ukilisikia swali hili kwa mara ya kwanza utalidhania la kikarani, la kujibiwa dirishani kwa dakika mbili, mwombaji akachukua risiti yake akaenda zake. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba swali hili ni la kisiasa kwa maana kamili ya neno hilo. Ndani yake kuna suala la nani anafaidika na lori linalopita mbele ya nyumba yako usiku, nani analipia gharama za kulifanya lipite salama, na nani anawekwa mahabusu likishindwa kupita salama. Suala la tatu tumelijibu siku nyingi: ni dereva, kama amenusurika. La pili tumeliacha likielea, na mwaka 2015 liliwahi kusimamisha usafiri wa nchi hii.

Tuanze na jibu la kikarani, kwa kuwa wanafunzi wengi hawalijui, ingawa baadhi ya watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalijua kuliko mimi. Leseni za Tanzania hugawanywa kwa madaraja ya herufi. Daraja A na matawi yake ni la pikipiki na jamaa zake. Daraja B ni la gari la kawaida lisilo la biashara. Daraja C, pamoja na C1, C2 na C3, ni la magari ya abiria, nayo matawi hayo yamepangwa kwa idadi ya viti: anayeendesha basi la abiria thelathini au zaidi hana leseni sawa na anayeendesha teksi. Daraja D linaruhusu magari ya biashara, ila si makubwa wala ya abiria. Daraja E ndilo la malori. Mwenye nalo anaweza kuendesha gari la aina yoyote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Halitolewi kwa mwanagenzi, kwani mwombaji hutakiwa awe ameshika daraja la chini yake kwa miaka kadhaa.

Msomaji makini ataona jambo hapo. Upande wa abiria sheria imehesabu viti kwa uangalifu, ikatenganisha watu wanne na kumi na tano, kumi na tano na thelathini. Upande wa mizigo, herufi moja ya E imemeza kila kitu. Fuso linalobeba matofali kutoka Kibaha kwenda Mbezi, na semi-trela yenye ekseli saba inayobeba shaba kutoka Zambia hadi bandarini, kwa macho ya leseni ni kitu kimoja. Wenzetu wa Kenya wametenganisha: lori la kawaida lina daraja lake, na lori linalovuta tela lina daraja la CE. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya nazo hutenganisha hivyo hivyo, tena kwa kilo: zaidi ya kilo 3,500 unahitaji leseni nyingine, zaidi ya kilo 7,500 nyingine tena, na tela ina sharti lake. Si kwamba Wazungu wanapenda kilo kuliko sisi. Ni kwamba kurudi nyuma na tela ni ufundi tofauti kabisa na kurudi nyuma na Fuso, na yeyote aliyewahi kumtazama dereva akiingiza semi kwenye geti la ghala pale Kurasini anaelewa ninachosema.

Sasa tazama jinsi dola hiyohiyo inavyoushughulikia uzito pale unapogusa lami. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inataka kila gari la kuanzia tani 3.5 lipite mizani. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na mizani ya Vigwaza kabla hajafika Chalinze, ya Mikese kabla ya Morogoro mjini, ya Makambako, na ya Mpemba karibu na mpaka. Akizidisha, tozo inamsubiri, na mzigo unaweza kulazimika kupunguzwa palepale. Ni kazi nzuri na siibezi hata kidogo. Barabara ile imejengwa kwa fedha nyingi, na lori lililozidisha uzito huila lami kuliko maelfu ya magari madogo.

Lakini tujiulize nini hasa kinacholindwa pale mizani. Kinacholindwa ni barabara. Aliyekalia usukani si kazi ya mizani. Ni kazi ya trafiki, kama atamsimamisha, na kama mazungumzo yao yatafika kwenye daraja la leseni badala ya kuishia kwenye taa ya nyuma iliyoungua. Dola yetu ina mashine za kujua kwamba ekseli ya nne imezidi kwa kilo mia mbili, nayo haina mahali hata pamoja, katika safari ya zaidi ya kilomita mia tisa, ambapo ni lazima ijue kama anayeziendesha tani hizo 56 alifundishwa na mtu yeyote.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito? Kwa sababu ya miteremko. Nataka nikae hapa kidogo, maana mijadala mingi ya usalama barabarani nchini kwetu huruka kutoka kwenye takwimu kwenda kwenye mahubiri bila kupita kwenye gari lenyewe.

Lori kubwa husimama kwa breki za upepo. Mgandamizo wa hewa iliyotunzwa kwenye matangi ndio unaozisukuma breki, si mafuta ya breki kama kwenye gari dogo. Hewa hiyo hutumika kila dereva anapokanyaga, na huchukua muda kujaa tena. Kanyagio likikanyagwa, breki haishiki papo hapo kama ya gari dogo. Kuna sekunde inayopotea, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja ni zaidi ya mita ishirini za barabara. Halafu kuna joto. Ukizishikilia breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, ngoma zake hupata moto mpaka mshiko unapotea, na hapo hata ukikanyaga kwa miguu miwili gari linakwenda linakotaka. Dereva aliyefundishwa hushika gia ya chini kabla mteremko haujaanza, huiacha injini ndiyo ishikilie gari, na hukanyaga breki kwa vipindi, akikanyaga na kuachia. Asiyefundishwa huteremka na gia kubwa. Mbaya zaidi ni yule anayeweka nyutro ili abakize lita chache za dizeli, kwa kuwa mafuta amepimiwa na tajiri na lita zinazobaki ndizo posho yake halisi.

Anayeijua Kitonga, Sekenke, au miteremko ya Iwambi na Mbalizi mkoani Mbeya hahitaji kuelezwa zaidi. Kila baada ya ajali sehemu hizo tunasomewa sentensi ileile: lori lilifeli breki. Sentensi hiyo imekuwa kama dua ya mwisho wa kikao, watu wakaitikia na kuondoka. Haielezi kitu. Katika lori lenye breki za upepo zilizo timamu, hewa ikipungua kupita kiasi, springi hujifunga zenyewe na kuyabana magurudumu. Mfumo umetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kwa hiyo kila tunapoambiwa breki zimefeli mteremkoni, kuna maswali mawili ya kuulizwa. Nani alizikagua mara ya mwisho, na dereva alikuwa kwenye gia ipi alipoanza kushuka? Swali la kwanza linampeleka mpelelezi kwa mwenye gari. La pili linampeleka kwa aliyempa dereva leseni. Naona hiyo ndiyo sababu hayaulizwi kwa bidii.

Na si miteremko peke yake. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walipita mia moja. Huko Sange, mashariki mwa Kongo, Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na moto wake ukaua zaidi ya watu 200. Sidai kwamba kila moja ya ajali hizi ilisababishwa na leseni mbovu. Kila moja ina historia yake. Ninachosema ni kwamba chombo chenye uwezo wa kuua watu mia moja kwa mara moja kinastahili kuulizwa nani anakiendesha kabla hakijaondoka, hasa kikiwa kimebeba petroli. Katika orodha yetu ya madaraja kuna herufi ya abiria kumi na tano. Herufi ya lita elfu arobaini za petroli haimo.

Dereva wa lori nchini kwetu hutengenezwaje hasa? Nenda Ubungo, Mikumi, Makambako, ukae na madereva kwenye vibanda vya chai, utasikia simulizi ileile. Alianza kama utingo, au tandiboi kama wengine wanavyosema. Alifunga maturubai, aliweka mawe nyuma ya tairi kwenye mlima, alilala chini ya tela akilinda mzigo, alimpikia dereva. Baada ya mwaka akaruhusiwa kulisogeza gari ndani ya yadi. Baada ya miaka miwili, usiku mmoja dereva alichoka, akamwambia, "Mdogo wangu, shika hapa mpaka Ruaha Mbuyuni." Hapo ndipo alipokuwa dereva. Dola ilimfahamu miaka kadhaa baadaye, alipokwenda kuitafuta kadi.

Wasomi tuna tabia ya kuidharau njia hii. Mimi siidharau. Ni uanagenzi, na mafundi wa Pwani, wajenzi wa majahazi na wachonga milango, walifundishwa hivyo kwa karne nyingi. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeisimamia. Utingo aliyeangukia mikononi mwa dereva mwangalifu huhitimu akiwa mwangalifu. Aliyeangukia kwa dereva wa nyutro huhitimu akiwa wa nyutro. Wakati huohuo, njia rasmi ina kasoro ya upande wa pili. Sharti la kushika daraja D kwa miaka kadhaa kabla ya E linahesabu kalenda, halihesabu kilomita. Kijana anaweza kukaa na kadi yake mfukoni miaka yote hiyo akiuza vocha, kisha akahesabika kuwa na uzoefu. Tuna watu wenye ujuzi wasio na karatasi, na tuna watu wenye karatasi wasio na ujuzi, na barabarani wote wanavaa fulana za aina moja.

Hapa ndipo tufike mwaka 2015. Serikali iliona tatizo hili, na kwa kweli iliona sawasawa. Ikaweka sharti kwamba dereva anapohuisha leseni yake apitie kwanza mafunzo. Tarehe 10 Aprili mwaka ule madereva wa mabasi na malori wakagoma. Abiria walilala stendi, Ubungo kukawa na mabomu ya machozi, na kabla ya siku kwisha serikali ikalirudisha nyuma sharti lile. Mwezi Mei wakagoma tena, safari hiyo hoja kubwa ikiwa ni mikataba ya ajira.

Watu wengi wenye elimu waliusoma mgomo ule kama hofu ya madereva kwa shule. Huo ulikuwa usomaji wa kivivu. Ziweke hoja mbili za mgomo kando kwa kando, mafunzo na mkataba, utaona ni hoja moja. Dereva asiye na mkataba akienda darasani wiki kadhaa, usukani wake unakaliwa na deiwaka siku ya kwanza, na akirudi anakuta deiwaka amekuwa yeye. Ada anailipa mwenyewe, posho ya safari anaikosa, na kazi inaweza kumponyoka. Mwenye lori hapotezi hata shilingi: lori linaendelea kutembea, na dereva atakayerudi na cheti hana nguvu ya kudai nyongeza. Madereva hawakuikataa elimu. Waliikataa ankara, tena ankara iliyoelekezwa kwa mtu asiyestahili kuilipa. Serikali nayo, badala ya kuielekeza ankara kwa anayestahili, ikaichana. Tukabaki bila mafunzo na bila mikataba, kila mtu akarudi barabarani.

Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika somo la sera za umma, ni nani aliyeshinda mgomo ule. Wengi husema madereva. Wachache, hasa waliokulia kwenye nyumba za madereva, husema matajiri. Nakubaliana na wachache.

Ili tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani, tutazame nchi iliyokuwa na ovyo kuliko wetu. Marekani, inayosifiwa kwa malori yake, iliishi hadi miaka ya themanini ya karne iliyopita na hali ambapo katika majimbo mengi mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kuendesha lori lenye tela. Wengine walikuwa na leseni za majimbo matatu au manne kwa wakati mmoja, wakizigawia makosa yao: kosa la Ohio kwenye leseni ya Texas, la Texas kwenye ya Georgia, na hakuna leseni iliyojaa. Mwaka 1986 Bunge lao likapitisha sheria ya usalama wa magari ya biashara. Dereva mmoja, leseni moja, kumbukumbu moja nchi nzima. Na kufikia Aprili 1, 1992, kila aliyeendesha gari kubwa la biashara alipaswa kuwa amefaulu mtihani wa leseni mpya.

Mstari wao waliuchora kwenye ratili 26,001, yaani kilo 11,794. Gari likifika hapo, leseni ya kawaida haitoshi. Likivuta tela yenye uzito unaozidi ratili 10,000 na jumla ikafika kiwango hicho, daraja ni A. Likiwa peke yake, B. Kuna pia C, kwa magari yasiyofika uzito huo lakini yanayobeba watu 16 au zaidi, dereva akihesabiwa, au vitu vya hatari vinavyotakiwa kuwekewa vibao. Mambo mawili katika sheria ile yananivutia. La kwanza ni kwamba uzito ambao mtengenezaji ameuidhinisha unahesabiwa hata kama ule uliopo siku hiyo ni mdogo zaidi. Lori tupu bado ni lori kubwa, na dereva hawezi kujitetea kwamba hakuwa amepakia. La pili ni kwamba anayefanyia mtihani kwenye gari lisilo na breki za upepo huandikiwa zuio kwenye leseni yake: haruhusiwi kuendesha lenye breki hizo mpaka arudi kupimwa nazo. Ile miteremko niliyoieleza imeingizwa ndani ya kadi.

Mstari wowote una watu wake wa kuupigia chabo. Kampuni za Marekani za kukodisha malori ya kuhamia nyumba hununua magari yaliyoidhinishwa kwa ratili 26,000 au pungufu kidogo, ili mteja yeyote mwenye leseni ya kawaida aweze kuyaendesha. Ratili moja inatenganisha mtu anayehitaji mtihani na mtu asiyeuhitaji. Wakulima, wanajeshi na wazima moto nao wana misamaha yao. Hata mafunzo ya lazima kabla ya mtihani yalianza kutumika Februari 2022 tu, miaka thelathini baada ya leseni yenyewe, na hayana idadi ya chini ya saa. Sioni pepo pale.

Isitoshe, leseni hiyo inaweza kugeuzwa iwe chombo cha jambo jingine. Kanuni za Marekani zimekuwa zikimtaka dereva wa lori ajue Kiingereza cha kuelewana na askari na kusoma alama za barabarani. Kwa miaka kadhaa asiyekijua vya kutosha hakuondolewa barabarani kwa sababu hiyo pekee. Amri ya rais ya Aprili 28, 2025 ilibadilisha hali hiyo, na tangu Juni mwaka huo anayeshindwa husimamishwa papo hapo. Wapo Wakongo na Warundi wenye Kiswahili, waliopokelewa kule kama wakimbizi, ambao lori limekuwa riziki yao. Kusoma alama ya mteremko ni suala la usalama, sibishi. Lakini kipimo cha lugha kinachofanywa kando ya barabara na askari mmoja, bila karatasi ya mtihani, si lazima kiishie kwenye usalama. Nalitaja jambo hili ili wanaharakati wetu wajue kwamba kudai leseni kali hakutoshi. Ni lazima kudai pia ipime kuendesha.

Hata hivyo kuna kipengele kimoja cha Marekani ambacho ningekihamishia hapa kesho asubuhi. Mwajiri haruhusiwi kumpa usukani dereva asiye na leseni ya daraja husika, ikiwa anajua, *au alipaswa kwa kawaida kujua*, kwamba hana. Maneno haya ya mwisho ndiyo uti wa mgongo. Yanamnyima tajiri utetezi wa kusema hakufahamu. Analazimika kudai historia ya kazi ya dereva ya miaka kumi iliyopita, na tangu Januari 2020 kuna hifadhidata ya kitaifa ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe ambayo ni lazima aipekue kabla ya kuajiri na kila mwaka baada ya hapo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, nayo inamkataza mwenye gari kumwachia usukani asiye na leseni. Kati ya katazo lililoandikwa na mwajiri anayeamka asubuhi akiwa na wajibu wa kwenda kuhakikisha kuna umbali mkubwa.

Basi tufanye nini? Daraja E ligawanywe, ili tela iwe na mtihani wake na breki za upepo ziwe na mtihani wake. Hilo ni jepesi, ni kazi ya kanuni. Magari ya mafuta na kemikali yawe na idhini yake ya pekee juu ya leseni. Pale mizani, ambako lori linasimama hata hivyo, namba ya leseni ya dereva iingizwe kwenye mfumo pamoja na namba ya gari, na daraja lisilolingana lizuie safari kama ekseli iliyozidi inavyoizuia. TANROADS watasema hiyo si kazi yao, na kwa mujibu wa sheria ya sasa wako sahihi. Ndiyo maana sheria hubadilishwa. LATRA nayo imepewa na sheria yake ya mwaka 2019 jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Macho mengi mpaka sasa yako kwenye mabasi, jambo linaloeleweka, kwa kuwa basi hubeba wapiga kura.

Tandiboi naye asisahauliwe. VETA imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, fundi magari na fundi uashi wakipimwa kwa wanachokijua badala ya vyeti walivyokosa. Utingo apewe daftari la uanagenzi, dereva anayemfundisha alitie saini kwa namba yake ya leseni, na kilomita zihesabiwe mahali pa miezi. Atakayesaini uongo atakuwa ameliandika jina lake mwenyewe kwenye ajali ya mwanafunzi wake.

Limebaki suala la ankara, lile lililochanwa mwaka 2015. Nchi hii inayo tayari tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri wenye watumishi kumi au zaidi huilipa kupitia TRA kulingana na mishahara wanayotoa. Ndiyo fedha ambayo kwa mantiki yake ingemfundisha dereva. Lakini tozo hukokotolewa kwa mishahara iliyoandikwa vitabuni, na dereva anayelipwa kwa safari, mkononi, bila mkataba, hayumo vitabuni. Tajiri mwenye malori thelathini na madereva thelathini wasioandikwa anaonekana kwenye tozo kama mtu mwenye karani na mlinzi. Kukosekana kwa mkataba kunamnyima dereva likizo na matibabu, na kunaunyima pia mfuko wa mafunzo chanzo chake. Waliosema mwaka ule kwamba suala la mikataba ni la kazi na suala la leseni ni la polisi, wakayapeleka kwenye wizara mbili tofauti, walilikata tatizo moja vipande viwili, kila wizara ikapata kipande kisichoweza kutibika peke yake.

Wenye malori watasema gharama za usafirishaji zitapanda, na mzigo wa Zambia na Kongo utahamia bandari nyingine. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana ajira nyingi za Dar es Salaam zinaning'inia kwenye mzigo huo. Lakini hoja hiyohiyo ilitolewa wakati wa kubana uzito wa ekseli. Ekseli zikabanwa, na foleni ya malori Tunduma haijaisha mpaka leo. Tena jambo la leseni linaweza kupelekwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama lilivyopelekwa la uzito, ili sharti liwe moja Mombasa na Dar es Salaam na mzigo usipate pa kukimbilia.

Ndugu watumishi wa umma mnaosoma hapa, rasimu ya marekebisho ya Sura ya 168 ikipita tena mezani kwenu, adhabu za dereva mtazikuta ukurasa wa kwanza, kama kawaida, zikiwa zimeongezwa sifuri moja. Naomba mpekue mbele zaidi, mtafute kifungu kinachomtaja mwenye gari, mtazame kama kina neno "alipaswa kujua".